Ruta ya Nne Inakonyeza

Asubuhi ya Ijumaa ile chai ilinishinda. Mimi, niliyewahi kunywa chai juu ya nguzo ya simu, mguu mmoja hewani na nyuki wamenizunguka kama watu wa mkutano wa hadhara, nilikaa mezani pangu mwenyewe nikashindwa na kikombe kimoja.

"Unakula mkate au unausahihisha?" mke wangu akaniuliza.

"Nakula."

"Umeukata vipande tisa, hujatia hata kimoja mdomoni. Leo si ndiyo kikao cha shule?"

"Ndiyo."

"Na lile jambo?"

Nikajifanya sijasikia. Masikio yangu yana adabu sana, nikiyaambia yalale yanalala.

"Nakuuliza wewe, mzee. Lile dude lako linalokonyeza walimu wa watu. Utasema lini?"

"Nitasema."

"Umesema utasema tangu mjukuu wetu hajaota meno. Sasa anatafuna mifupa. Mficha uchi hazai, mume wangu."

"Na umri huu nizae nini?"

"Zaa ukweli, basi," akasema, akaninyang'anya sahani.

Nieleze lile jambo, maana pasipo hilo mtadhani nilikuwa na homa.

Shule yetu ni ndogo. Madarasa saba yamepangwa kama kiwiko cha mkono, ofisi iko kwenye bega na darasa la sita liko kwenye ncha za vidole. Mwalimu Mkuu ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Miaka minne iliyopita, alipopewa shule, aliniita. "Mjomba," akasema, "nataka waifai shule nzima." Mimi nilikuwa nimestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanda nguzo za simu. Waifai sikufundishwa na mtu. Nilijifundisha kwa zile karatasi zinazokuja ndani ya boksi, tena kwa picha zaidi, maana maandishi yake ni kama sisimizi waliomwagika. Lakini nilijipa moyo: nyaya nimezishinda ujana wangu wote, kitu kisicho na waya kitanishindaje?

Zilikuwa ruta nne, vile visanduku vya kurusha mtandao. Tatu niliziweka zikawaka vizuri. Ya nne, ya darasa la sita, adapta yake sikuiona kwenye boksi, nikaipa ya redio yangu ya nyumbani. Ncha yake iliingia kama kidole na pete. Ile ruta ikashusha pumzi moja ndefu, kama mgonjwa aliyemaliza kuusia, ikatoa uzi wa moshi, ikafa. Shahidi alikuwa nzi mmoja tu, naye hakukaa.

Ningesema siku ile ile, mambo yangeishia pale. Lakini niliona haya. Nikajiambia mwisho wa mwezi nitanunua nyingine kimya kimya. Kwa muda, ili isionekane maiti, nikaitoa matumbo, nikaingiza taa ya pikipiki ya kukatia kona pamoja na kile kidude chake cha kukonyezea. Adapta ya redio iliyoiua ruta ikaipenda sana taa ya pikipiki. Nikafunika, nikaitundika juu ya ubao, ikaanza: pa, pa, pa.

Sijashuka ngazi, akaingia mwalimu wa darasa la sita. Huyu shule nzima inamwita Mwalimu Tulizaneni, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni, na nasikia hata nyumbani huyaambia maharage yakichemka. Akainyanyua simu yake kuielekea ile taa.

"Eeh! Sasa hapa ndipo! Jana ilikuwa inazunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa. Tazama sasa!"

Nami, badala ya kunyamaza, nikasema maneno ambayo laiti yangekuwa na mkia ningeyavuta yarudi: "Hiyo, mwalimu, ndiyo yenye nguvu kuliko zote."

Mwisho wa mwezi ulikuja na mambo yake. Ukaja mwingine. Watoto wakaipa ile ruta jina la Bibi, kwa kuwa ina jicho moja na inakonyeza. Wakawa wakiingia darasani wanasema, "Shikamoo Bibi." Walimu wa madarasa mengine wakawa wanakuja kusimama chini yake kutuma mambo yao. Yakipita, kwa nguvu ya zile tatu nyingine, sifa kwa Bibi. Yasipopita, wanailaumu simu. Nimeona watu wengi wenye imani, lakini imani ya walimu wale kwa taa ya pikipiki ingehamisha mlima na kuurudisha.

Basi ikaja barua kutoka ofisi ya mitihani. Mtihani wa darasa la saba mwaka huu utafanywa kwenye vishikwambi, watoto wote arobaini na mmoja kwa pamoja, chumba kimoja. Alhamisi inayofuata kutakuwa na jaribio. Shule ambayo mtandao wake utashindwa, watoto wake watafanyia mtihani shule kubwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na itakuwa hivyo kwa miaka mitatu. Na Mwalimu Mkuu anatakiwa ajaze fomu, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwamba amehakiki kwa macho yake idadi ya ruta na kwamba zinafanya kazi. Akidanganya, shule haina tena Mwalimu Mkuu.

Mpwa wangu alimpigia fundi wa mtandao, akampelekea picha ya ramani niliyoichora mimi. Fundi akajibu: "Mkiwa na ruta nne nzima, mnavuka, hakuna haja ya kuboresha. Mkiwa na tatu, msithubutu bila kufunga mtambo mpya."

Mtambo mpya una gharama, na fungu la mwaka linatosha jambo moja: mtandao au vyoo vya wasichana. Vyoo vile, niseme ukweli, ni aibu. Ni shimo moja lililokwisha kujaa, mlango uling'oka zamani. Wasichana huenda wawili wawili, mmoja anaingia, mwenzake anashikilia shuka. Kwa hiyo shule ilikuwa inaelekea kwenye vyoo, kwa furaha kubwa, ikiitegemea ruta ya nne. Na chumba cha mtihani walichochagua, kwa sababu ndipo mtandao ulipo na nguvu, mmeshakijua.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa watoto arobaini na mmoja.

Nilifika shuleni saa tatu na nusu, nimwone peke yake kabla ya kikao. Njiani nilikuwa nimepanga maneno vizuri. Mbele ya mlango wa ofisi yakaniacha, kila neno likashika njia yake.

"Shikamoo Mjomba," akasema, akainuka na kuninyooshea kiti. Mezani palikuwa na fomu, kalamu, na mchoro wa vyoo uliopakwa rangi na watoto, milango sita ya bluu.

"Marahaba, mwanangu. Nilitaka kukwambia..."

"Tazama kwanza! Milango sita, Mjomba. Wameichora wenyewe. Yule msichana mmoja aliyeacha kuja shule kwa sababu ya choo, mama yake kaniahidi atamrudisha." Aliinyoosha ile karatasi kwa viganja vyote viwili kama mtu anayepiga pasi. "Ungefunga ruta mbovu mwaka ule, leo ningekuwa nalia. Unajua mama alikuwa anasema nini juu yako?"

"Alisema mengi. Mengine si ya mbele za watu."

"Alisema, kaka yangu ana maneno mengi, lakini mikono yake haidanganyi."

Nikaitazama mikono yangu. Niliiweka chini ya meza.

"Ulitaka kuniambia nini?"

"Nilitaka... chai," nikasema.

Akacheka, akaniletea chai. Ya pili ile siku, nayo ikanishinda.

Saa nne wakaja wengine wawili wa kamati: Mwalimu Tulizaneni, na Mwenyekiti, ambaye ni fundi cherehani, utepe wa kupimia hautoki shingoni, hata misibani huuvaa. Mwenyekiti akafungua kikao. Akasema habari za vyoo. Akarudia. Mimi nilikuwa naisikiliza saa ya ukutani, mshale wake ukiguna kila ukiruka. Jasho lilinishuka mgongoni likafuata njia moja, kama linajua linakokwenda.

"Basi," akasema Mwenyekiti, "mtandao hauboreshwi, tunajenga vyoo. Mwalimu Mkuu aweke sahihi. Kuna mwenye neno?"

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama si yangu. "Ruta ziko tatu."

Wakanitazama.

"Ile ya darasa la sita si ruta. Ni taa ya pikipiki."

Mwenyekiti akapasuka kicheko hadi utepe ukamdondoka. Mwalimu Tulizaneni akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi.

"Huyu mzee!" akasema. "Huyu mzee atatuua!"

"Nasema kweli, jamani."

"Kweli kama ya yule nyoka," Mwenyekiti akasema. "Mwalimu, ulisimuliwa ya nyoka? Alimeza waya wa simu huko porini, mzee huyu akaweka sikio tumboni mwa nyoka, akasikia watu wawili wanapatana bei ya ng'ombe!"

"Mbuzi," nikasema. "Walikuwa wanapatana bei ya mbuzi. Lakini hii ya leo..."

"Hii ya leo pikipiki inapeleka intaneti!" Wakaangua tena.

Ndugu zangu, nimeanguka mara mbili kutoka juu ya nguzo. Mara zote mbili nilikuwa na hakika kwamba chini kuna ardhi. Siku ile nilisema kweli, na chini yake hapakuwa na kitu. Hadithi zangu zote za miaka yote zilikuwa zimekaa mle ofisini zinanicheka.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, akitabasamu lakini akiitazama saa, "tutacheka mchana. Sasa hivi ni saa tano na dakika ishirini." Akaivuta fomu. Akaandika tarehe. Palipoandikwa *Idadi ya ruta zinazofanya kazi* kalamu yake ikasimama, ikaanza kushuka.

Nikainuka. Maneno yangu pale hayakuwa na bei. Nikaenda stoo nikaitoa ngazi, nikaibeba begani, nikapita nayo mbele ya dirisha la ofisi. Nikasikia viti vyao vikisukumwa nyuma.

Darasa la sita lilikuwa linafanya hesabu peke yake, yaani lilikuwa linapiga kelele. Nilipoingia likasimama lote.

"Shikamoo Babu!"

"Marahaba. Kaeni."

"Babu, Bibi anaumwa?"

Nikaiegemeza ngazi ukutani. Ilikuwa na vidato sita. Mimi wa nguzo za mita tisa, nilifika cha tatu nikaikumbatia ngazi. Nyuma yangu niliwasikia wameingia, Mwalimu Tulizaneni mbele.

"Mzee, usiiguse hiyo! Usiiguse, nakuomba, tutabaki na nini? Siku ile ile ulipoiweka, simu yangu ilipanda! Niliona kwa macho yangu!"

"Najua, mwalimu. Nilikuwepo."

Nikaitoa kwenye msumari. Waya wake ulikuwa mrefu wa kutosha, kwa hiyo ilishuka nami ikiwa bado inakonyeza. Nikaiweka juu ya meza ya mbele. Bisibisi niliitoa mfukoni. Niliondoka nayo nyumbani asubuhi, nadhani mkono ulijua kabla ya mdomo. Skrubu nne. Ya mwisho ilikataa, nikaisikia pumzi ya darasa zima imesimama, kisha ikakubali.

Kifuniko kikatoka. Ndani palikuwa na taa ya rangi ya chungwa, nyuzi mbili, na mzoga wa mjusi mdogo. Pa, pa, pa.

Mwenyekiti akainama, utepe ukagusa meza. "Hii si taa ya kukatia kona?"

"Ndiyo."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Tulizaneni alikuwa ameinyanyua simu yake bado, mkono juu, kama mtu aliyesahau alichokuwa anakitaka. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye meno yaliyopishana, akasema polepole, "Kumbe tulikuwa tunaiamkia indiketa."

Mpwa wangu hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Miaka minne?"

"Miaka minne."

"Na asubuhi, ulipoomba chai?"

"Nilikuja kukwambia hilo."

Akatikisa kichwa mara moja, kidogo. "Asante, mzee," akasema, akatoka.

*Mzee.* Tangu ajue kusema ameniita Mjomba. Aliniita Mjomba akiwa na meno mawili, na siku tulipomzika mama yake hakuwa na neno lingine mdomoni. Ningepigwa na umeme wa nguzo tatu kwa pamoja nisingeumia vile.

Tukamfuata hadi ofisini, na kupitia dirisha nilimwona ameshika simu, anaongea na fundi. Anasikiliza. Anaandika. Anasikiliza tena. Saa sita kasoro dakika saba aliandika kwenye fomu, akatuita ndani, akatusomea kwa sauti ya kikazi: "Ruta tatu. Mtandao unaboreshwa. Fundi anaanza Jumatatu, anamaliza Jumatano." Akaweka sahihi. Kisha akauchukua ule mchoro wa milango sita akaukunja mara mbili, taratibu, akautia kwenye droo. Sauti ya ile droo ninayo mpaka leo.

"Na wasichana?" Mwenyekiti akauliza.

"Sijui," akasema.

"Mimi nitashona pazia la turubai. Zito. Litashika kwa muda."

"Kwa muda," mpwa wangu akarudia, na wote wakanitazama, nami nikakumbuka kwamba ile taa nayo niliiweka kwa muda.

"Nusu ya kazi ya choo ni shimo," nikasema. "Nitachimba mimi."

"Hiyo nayo ni hadithi, mzee?" akaniuliza, bila kejeli. Alitaka kujua kweli.

Jumamosi asubuhi nilifika na sururu.

Sitawasimulia kwamba nilipiga jiwe likatoa cheche nikawashia sigara. Nilipiga jiwe, likanivimbisha kiganja. Jumatatu fundi wa mtandao akaja, dada mmoja mkimya mwenye mkoba mzito, akapita karibu na shimo langu, akasema, "Wewe ndiye wa ile ramani?" Nikasema ndiye. Akasema, "Ramani nzuri," akaenda zake. Mpwa wangu alipita mara nyingi. "Habari za kazi, mzee." "Nzuri, Mwalimu." Tukawa tunapeana heshima kama watu wawili kwenye foleni ya benki.

Jumanne mambo yalikuwa hayajakamilika. Jumatano mvua ikanyesha, nikalala na kuamka nikidhani fundi kaahirisha. Hakuahirisha.

Alhamisi, siku ya jaribio, nilikuwa shimoni, limeshanipita kimo. Saa tatu kengele ikalia, watoto arobaini na mmoja wakaingia darasa la sita. Nikaiacha sururu, nikasikiliza. Darasa lile si la kunyamaza, na sasa lilinyamaza. Nikapiga sururu mara tatu, nikasikiliza tena. Kimya. Mtandao ukikata, watoto huguna, lazima wagune. Je, kama wameambiwa wasigune? Nikaanza kuhesabu pumzi zangu, nikafika mia mbili na kitu nikapotea. Mara nikamsikia Mwalimu Tulizaneni: "Tulizaneni! Tulizaneni, bado inazunguka!" Nikakaa chini, matako kwenye udongo wa baridi. Inazunguka. Nikaiona njia ya kwenda ng'ambo ya mto, watoto wametangulia na viatu mkononi, mpwa wangu nyuma yao hana ofisi.

Sijui nilikaa muda gani. Kengele ililia tena, miguu ikamwagika nje. Kichwa kikachungulia shimoni, cha yule msichana wa meno yaliyopishana. Yeye ni wa darasa la sita, alikuwa amekaa dirishani akiwaangalia wakubwa zake.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Imekuwaje? Sema haraka."

"Vishikwambi vilizunguka."

"Halafu?"

"Halafu vikaingia vyote. Kimoja kilichelewa, Mwalimu akakipigia kelele, kikaingia." Akalitazama shimo upande hadi upande. "Babu, hili ni la kweli, au mwishoni kuna taa?"

Nilitaka kumjibu kwa hadithi. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, nzuri, ina mamba ndani. Nikaimeza.

"Ni la kweli."

"Haya," akasema, kama mtu atakayerudi kukagua.

Alipoondoka, kivuli kingine kikafunika mdomo wa shimo. Mpwa wangu. Shingoni alikuwa na utepe wa Mwenyekiti, na mkononi kopo la maji. Akanishushia lile kopo kwa kamba. Nikanywa lote. Midomo yake ilikuwa imekauka, macho yamemwingia ndani. Naona naye alihesabu pumzi zake mahali fulani.

"Zimebaki futi ngapi?" akauliza.

"Nne."

Akavua viatu, akaviweka pamoja kando ya shimo, akaisimamisha vizuri ngazi yangu ya kushukia.

"Nne," akasema. "Sogea basi, Mjomba. Nashuka kupima mwenyewe."

Nikaishika ngazi kwa mikono miwili, isitikisike.